Bata maji wametoweka baada ya kupulizia: nimewaua?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nalima mpunga bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Mwaka huu nilipulizia dawa za magugu: glaifoseti kabla ya kupanda, kisha 2,4-D mpunga ulipochipua. Bata maji waliokuwa wakijaa dimbwi la chini ya shamba hawapo tena. Mzoga sijaona hata mmoja. Nimewaua?

Jibu: Marahaba. Kuwaua, sidhani. Kuwanyima chakula, inawezekana kabisa.

Huo mzoga usiouona ndio unaonipa picha. Glaifoseti huvuruga kimeng'enya ambacho mimea inacho na ndege hawana, kwa hiyo bata akinywa maji yenye dawa kidogo haanguki. Ndege wakifa kwa mkupuo kando ya majaruba, mimi hushuku kwanza sumu ya wadudu iliyotegwa kusudi. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji walitega korongo kwa konokono waliotiwa Furadan, sumu ya wadudu. Ukikuta hali kama hiyo usile nyama yake, wala usimpe mbwa.

Dawa ya magugu huanzia chini, kwenye chakula chao. Bata hula mbegu na majani ya majini. Vifaranga wao hutegemea zaidi wadudu wanaojificha humo. Majani yakifa, wadudu hawana makao. Yakioza, yanamaliza oksijeni: nenda dimbwini alfajiri uone kama samaki wanahema juu juu. Halafu glaifoseti nyingi za dukani zimechanganywa na kitu mfano wa sabuni, ili ishike kwenye jani, na mara nyingi hicho ndicho kinachoua viluwiluwi kuliko dawa yenyewe. Vyura wako bado wanalia usiku?

Ila usijihukumu haraka. Maji ya dimbwi yalipungua lini? Bata hawa hufuata kina, na bonde lenu, lililomo tangu 2002 katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, ni pana. Wana pa kwenda.

Msimu ujao ziba mdomo wa jaruba kabla ya kupulizia, na usipulizie wingu likiwa limetanda. Acha ukanda wa matete kati ya shamba na dimbwi, hatua kumi hivi, usiuguse. Kwenye 2,4-D soma lebo: ipo aina ya amini (amine) na ya esta (ester), na ya esta ni kali zaidi kwa samaki. Bomba lisuuzie shambani. Mkulima anapima dawa kwa kifuniko, kwa uangalifu wote, kisha masalia anayamwaga mferejini!