Dishi limeshika mwale wa pembeni

SWALI: Nimefunga dishi Mkokotoni kurushia intaneti kisiwani Tumbatu. Kwa hesabu nilitarajia -58 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli; ikikaribia sifuri ndiyo bora), napata -78. Nikiligeuza kidogo kulia au kushoto, inazidi kushuka. Karatasi yake inasema upana wa mwale ni digrii 10. Tatizo nini?
Msomaji, Mkokotoni

JIBU: Kwanza hakikisha antena zote mbili zina mkao mmoja, kwani moja ikiwa wima na nyingine mlalo, unaweza kupoteza desibeli 20 au zaidi. Kama ziko sawa, basi huenda umeshika mwale wa pembeni. Dishi lina mwale mkuu na vijimwale vya ubavuni, na kila kimoja kina kilele chake, ndiyo maana ukisogeza kidogo unadhani umeshafika.

Legeza bolti, zungusha pole pole digrii 30 kila upande, ukisimama kila digrii 2 hadi namba itulie. Utapita kilele kidogo, bonde, kisha kilele kikubwa. Hapo usitegemee namba ya juu peke yake, kwani kileleni mwale ni bapa. Tafuta kulia na kushoto kipimo kinaposhuka desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, ufunge katikati yake. Baina ya alama hizo mbili ndizo digrii 10 zenyewe. Kwa umbali wa kilomita 3, upana huo ni kama mita 525. Rudia juu na chini, halafu upande wa Tumbatu.

Kaza nati kwa zamu huku ukitazama kipimo, maana spana huvuta dishi. Na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu: chumvi hula za kawaida, kusi ikivuma dishi linacheza.