Maswali Yenu: Pesa za Chuo Zifike Mwisho wa Muhula

Ndugu mhariri, salamu. Niko mwaka wa pili, nakaa Tudor na mwenzangu. Kodi analipa baba. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliniingizia shilingi 24,000 za kujikimu na wiki ya 6 nimebaki na nauli tu. Muhula una wiki 15. Nipange vipi zijazo? — Mwanafunzi, Tudor

Ndugu yetu, umezila kama mshahara wa mwezi, nazo ni za miezi mitatu na nusu. Siku zinapoingia, tenga kwanza matumizi yasiyokuja kila wiki: 3,000 za bando na fotokopi, 3,000 za gesi na vyombo, 3,000 za dharura kama ugonjwa. Hubaki 15,000, yaani 1,000 kwa wiki. Ni kidogo, hatukufichi, na ndiyo maana lazima mpike wawili kwa chungu kimoja.

Hizo 15,000 zisilale M-Pesa. Weka 9,000 katika M-Shwari ya kawaida, ile akaunti ya akiba ndani ya M-Pesa, na utoe 1,000 kila Jumamosi. Zile 6,000 zifunge M-Shwari kwa miezi 2. Wengi hufunga kwa miezi 3 kwa kufuata urefu wa muhula. Wiki ya 10 ikifika hawana hata ya sabuni, wanakimbilia mkopo wa simu ilhali pesa yao wenyewe imefungiwa. Miezi 2 huisha wiki ya 9, pale pale zile 9,000 zinapomalizika.

Kisha angalia makato. Ukitoa 200 kwa wakala unakatwa 29, na ukitoa 2,500 unakatwa 29 hizo hizo. Anayetoa 200 mara tano kwa wiki hulipa 145. Anayetoa 1,000 mara moja hulipa 29. Tofauti ni 116 kwa wiki, na kwa wiki 15 ni 1,740: karibu wiki mbili za chakula chako. Kibandani ulizia till, nambari ya kulipia ya biashara, maana mnunuzi hakatwi. Ukituma kwa nambari ya mtu, hadi 100 ni bure; kuanzia 101 hadi 500 unakatwa 7.

Soko la Kongowea nendeni asubuhi, mara moja kwa wiki mbili, mchukue maharagwe, pojo na vitunguu. Nyanya nunua mtaani kidogo kidogo. Kwa joto la Mombasa za jumla huoza kabla hamjazimaliza. Maharagwe yaloweke usiku kucha, gesi itadumu zaidi. Na kama kisima cha ploti ni cha maji ya chumvi, yaogee na kufulia, maji ya mitungi ya kununua yawe ya kunywa na kupikia tu.

Assalam aleikum. Kaka hunitumia pesa kila mwezi nami nataka kuweka akiba, ila riba siitaki. Wenzangu wananiita kwenye mchezo wa watu 10, wa kuchanga na kupewa kwa zamu. Niingie? — Dada wa Kisauni

Waaleikum salaam, dada. M-Shwari hulipa riba, kwa hiyo iache. Benki ya Kiislamu kama Gulf African inakufaa. Uliza akaunti ya mudharaba, ambayo faida ya biashara mnagawana na benki kwa kiwango mlichokubaliana.

Mchezo ni mzuri, lakini hesabu miezi. Watu 10 wa kutoa kila mwezi ni miezi 10, na chuoni katikati kuna likizo, mtihani, wengine wanahama nyumba. Anayepewa mwanzo huwa amekopa; anayepewa mwisho ndiye anayeweka akiba, na ndiye anayepotelewa wakikimbia. Bora watu 6 wa kutoa kila wiki mbili: mzunguko unamalizika kwa wiki 12, kabla ya mitihani. Zamu zipigwe kura mbele ya wote, ziandikwe, na kila mmoja awe ni mtu ambaye kwao mnakujua. Ukipata kuchagua, omba zamu ya katikati. Pesa ya dharura usiitie mchezoni, kwa sababu homa haingoji zamu yako.

Kila mama anaponitumia pesa, zinakatwa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likipungua, hata sijazigusa. Nifanyeje? — Mwana wa Likoni

Mwanetu, Fuliza hutoza 1% unapokopa, halafu ada ya kila siku inayopanda kulingana na deni, na pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Ndiyo maana unakopa tena jioni ile ile. Muombe mama mwezi mmoja kodi ailipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, wewe anayokutumia iwe ya kumaliza deni lote kwa mkupuo. Ukilipa nusu, ada ya siku inaendelea. Deni likifika sufuri, piga *234#, ingia sehemu ya Fuliza, ujitoe siku hiyo hiyo, kabla hujanunua chochote. Usipojitoa, salio likipungua hata kidogo simu itakuuliza kama ungependa kukopa, na kwenye foleni ya duka mkono hubonyeza upesi.