Plastiki ya kuteleza chini ya pikipiki ya theluji: inasaidia, ila usiibandike kwa gundi

Mkuu, nimesoma swali lako. Mashine inarudi kutoka ziwani imejaa barafu chini ya kiti, mkia mzito, asubuhi mkanda, yaani ule mpira mpana wa chini unaoisukuma mashine, unagoma kuzunguka, na jirani amekushauri uweke plastiki inayoteleza kwa ndani. Unauliza kama inasaidia au ni kupoteza hela. Inasaidia. Huu ni msimu wangu wa nne nikiwa nayo. Ila mara ya kwanza niliiweka vibaya na nikapata hasara, kwa hiyo nakueleza mambo yote mawili.

Mimi niko kaskazini mwa Minnesota, navua Lake of the Woods, ziwa hilohilo unalovua wewe upande wa Kanada. Huku theluji kavu haina shida, mkanda unaitupa nje yote. Shida ni ule uji wa maji na theluji. Theluji nyingi ikilalia barafu ya ziwa huikandamiza, maji yanapanda kwenye nyufa na kutuama juu ya barafu, halafu theluji hiyohiyo inayafunika kama blanketi yasigande. Ukipita hapo, hata kama ni nyuzi 25 chini ya sifuri, mkanda unachota uji na kuurusha juu kwenye tuneli, yaani lile boksi la alumini lililofunika mkanda. Juu kuna rejeta yenye joto, inauyeyusha. Maji yanachuruzika kwenye kuta za pembeni, ambazo ni za baridi kali, yanaganda. Safari nzima ni hivyo, tabaka juu ya tabaka.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nagongagonga. Siku moja jioni, ufukwe uko mbali na giza linaingia, nikashika bisibisi nene na nyundo nibandue bonge lililokuwa limeshika kona ya mbele. Bonge likatoka, na bisibisi ikapitiliza hadi kwenye rejeta. Nikaona maji ya kupozea injini, yale ya kijani, yanadondoka tone tone kwenye theluji nyeupe. Mzee mmoja mvuvi alinivuta kwa kamba mpaka nchi kavu. Tangu siku hiyo chuma hakiingii mle ndani.

Nikaenda kwenye plastiki. Nilinunua shiti nyeupe ya polithini ngumu, ndugu ya zile mbao nyeupe za kukatia nyama buchani, nikaibandika kwa gundi kali ya tyubu. Gereji ilikuwa na joto, ikashika vizuri, nikafurahi. Wiki ya pili, baridi ilipofika nyuzi 29 chini ya sifuri, ukingo wa nyuma ulibanduka. Hapa kuna kitu wengi hawakifikirii: chini ya tuneli mkanda hauendi nyuma. Sehemu yake ya chini ndiyo inayosukuma kwenda nyuma, ya juu inarudi mbele. Kwa hiyo kucha za mkanda, yale meno ya mpira yanayouma theluji, zilidaka ule ukingo wa nyuma, zikaivuta shiti yote mpaka kwenye magurudumu ya kuendeshea, mkanda ukakwama papo hapo. Bahati nzuri nilikuwa mwendo wa pole. Nilitumia saa nzima kuitoa vipande vipande, vidole vimekufa ganzi.

Sababu ni mbili. Polithini ni kama nta, haishiki na kitu, na ndiyo maana tunaitaka, lakini gundi nayo ni kitu. Ya pili ni kusinyaa. Shiti ya sm 120 ukiifunga gereji ikiwa na nyuzi 15, kisha ukaipeleka kwenye 30 chini ya sifuri, inapungua karibu sm 1. Alumini iliyo nyuma yake inapungua mm 1 na kidogo. Hakuna gundi ya kuvumilia mvutano huo.

Mara ya pili nilitulia. Nilitafuta ile polithini ya daraja la juu, ambayo ndiyo hutengenezewa vile vipande vya kutelezea mkanda chini ya reli za mashine yako. Haipasuki kwenye baridi kali. Nilichukua ya mm 3. Nikainua mkia, nikashusha mkanda na reli zote nje, nikalala chini na tochi nikachora kwa chaki mahali rejeta zinapopita. Mkuu, hapo pashike sana: USIFUNIKE REJETA. Injini hii inapozwa na theluji inayorushwa juu ya rejeta. Ukiziwekea plastiki umeivalisha injini sweta. Kwangu rejeta ziko mbele na kwenye dari, kwa hiyo plastiki nimeweka kuta mbili za pembeni na kile kipande cha dari cha nyuma ambacho hakina kitu. Mashine hazifanani, angalia yako.

Nilifunga kwa riveti za alumini zenye vichwa vipana, kichwa ndani, mkia nje. Tundu la katikati ya shiti ni la duara, hilo ndilo linaloishikilia. Mengine yote niliyachonga yawe marefu kama tundu la kifungo cha shati, na sikukaza riveti mpaka mwisho, ili shiti itembee inaposinyaa. Ukingo wa nyuma niliupunguza kwa randa mpaka ukawa mwembamba, kisha nikaukandamiza kwa kipande cha bati la alumini. Kama itabidi uunge shiti mbili, fikiria unaezeka nyumba: bati la juu hulalia la chini. Hapa "juu" ni nyuma, maana kucha zinatoka huko.

Kabla ya kuwasha, zungusha mkanda kwa mkono, uangalie nafasi iliyobaki huku mtu mzito amekaa kiti cha nyuma. Na uache ziada, kwa sababu mkanda ukienda kasi unavimba kwenda nje.

Matokeo? Barafu bado inakuja, atakayekuambia haiji anakudanganya. Tofauti ni kwamba haishiki. Nikifika nyumbani napiga ubavu wa tuneli kwa nyundo ya mpira mara mbili tatu, linashuka pande zima kama kigae. Ukiligeuza unaona alama za vichwa vya riveti zimepangana kama vifungo vya koti. Zamani kazi hiyo ilinichukua nusu saa na maji ya moto.

Plastiki inachakaa, hasa ukipita pembeni mwa barabara kwenye kokoto. Kila mkwaruzo ni mahali pa barafu kuingiza kucha. Usipige msasa, utaotesha manyoya. Kwangua kwa ubapa wa chuma wenye makali mpaka iwe laini tena. Silikoni ya kupuliza nayo inasaidia, siku moja au mbili inaisha.

Sehemu za kukanyagia, usiweke juu kabisa. Nimeona kijana akifanya hivyo, akateleza wakati wa kukata kona, mguu ukaingia chini. Weka kwa chini kama unataka, juu bakiza meno.

Plastiki haiondoi ile kazi ya jioni: inua mkia, hakikisha hakuna mtu nyuma, zungusha mkanda kidogo utupe uji, kisha egesha juu ya mbao mbili.

Kabla hujanunua shiti, ingia chini na tochi upige picha ya tuneli na urefu wa kucha za mkanda wako, uziweke hapa. Nikiziona nitakuambia kama mm 3 inaingia au utafute ya mm 2.