Vibonzo vya Sayansi: Maswali ya Watafiti Chipukizi

Sijui kuchora. Nitafute mchoraji?

Bado. Kunja karatasi ya A4 mara tatu upate visanduku vinane, uchore kwa penseli. Watu wa vijiti wanatosha. Andika maneno kwanza, ndipo uyazungushie kiputo. Ukianza na kiputo, maneno yatabanana ukingoni. Kisha mpe mtu asiyeijua fani yako asome, nawe unyamaze. Anaporudi nyuma kusoma tena, hapo ndipo pa kurekebisha. Mchoraji aje baadaye.

Natafiti usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Fremu nne zitatosha?

Zinatosha ukishika swali moja: usugu unaeneaje? Fremu ya kwanza, chora bakteria 20 kwenye sahani ya maabara, 18 weupe na wawili wenye mistari. Ya pili, dawa inaingia na weupe wanapasuka. Ya tatu, wamebaki wale wawili na nafasi tele. Ya nne, sahani imejaa wenye mistari.

Wale wawili lazima waonekane tangu mwanzo. Wakijitokeza fremu ya pili, msomaji ataamini dawa ndiyo iliyowaumba, kumbe walikuwa sugu tayari na dawa imewaondolea washindani tu. Kosa hilo la mchoro hata maelezo marefu chini yake hayalifuti. Nasi tumechagua mistari badala ya rangi kwa sababu wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Bakteria wangu waongee?

Macho wape ukipenda, ila maneno tunayakataa. Bakteria akisema "nitajifunza kuikwepa dawa", umempa nia asiyokuwa nayo. Waongee mgonjwa, muuguzi au mtafiti.

Kwenye simu maneno hayasomeki. Nifanyeje?

Panga fremu moja chini ya nyingine, upana pikseli 1080, herufi zisipungue pikseli 36. Kiputo kikizidi maneno 20, kigawe. Anayetangulia kusema, kiputo chake kikae juu kushoto.

Matokeo hayajachapishwa. Nikisambaze kibonzo?

Zungumza kwanza na msimamizi na watafiti wenzako, kwani baadhi ya majarida hayataki matokeo yatangulie kutangazwa. Wakati ukisubiri, chora swali la utafiti na mbinu yako. Na grafu iliyokwisha kutoka jaridani usiinakili kabla ya kusoma masharti ya hakimiliki, hata kama ni yako.