Usihamie sigara "nyepesi": mimi nilihamia kwa miaka tisa

Ndugu, usiifungue hiyo pakiti. Umeuliza ni kemikali zipi za tumbaku zinazosababisha saratani, kama ugoro nao una hatari hiyo, na kama kuhamia sigara nyepesi kutakupunguzia madhara wakati unajiandaa kuacha. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa umesema pakiti umeshainunua.

Nilihamia sigara hizo kwa sababu ya kikohozi cha asubuhi. Mwenzangu wa kazini, mtu mzima niliyemheshimu, aliniambia kwamba lami yake, ule uchafu mweusi unaonata ulio kwenye moshi, ni kidogo na kwamba kifua kitapumzika. Moshi ulipita kooni kwa ulaini, nikaamini. Sikujua kwamba kichungi chake kimetobolewa matundu madogo pembeni yanayoingiza hewa na kuuzimua moshi. Mashine ya maabara huivuta sigara hiyo matundu yakiwa wazi, na ndiyo maana kipimo cha lami hutoka kidogo. Mtu huyaziba kwa vidole na midomo bila kujitambua, na kwa kuwa mwili unadai nikotini uliyoizoea, huvuta kwa nguvu zaidi, huushusha moshi ndani zaidi na huongeza idadi ya sigara. Nilikuwa navuta kumi na mbili kwa siku. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimefika ishirini, huku nikijihesabu kuwa mtu anayepunguza.

Hasira yangu haiko kwa yule mwenzangu, ambaye naye alidanganywa, bali kwa waliolichapa neno "nyepesi" kwenye pakiti. Mwaka 2006, huko Marekani, Jaji Gladys Kessler aliamua kwamba kampuni kubwa za sigara zilizinadi sigara hizo zikijua kuwa hazipunguzi madhara, na tangu mwaka 2010 maneno ya namna hiyo yamepigwa marufuku kwenye pakiti nchini humo. Rangi hafifu za pakiti zimebaki zikisema jambo lilelile.

Mwaka wa tisa, asubuhi moja, mkojo wangu ulitoka mwekundu. Kwa kuwa sikusikia maumivu yoyote, nilinyamaza wiki tatu, na kunyamaza huko ninakujutia hadi leo. Daktari aliniuliza kwanza kama navuta, nikamjibu kwamba navuta nyepesi tu. Akanieleza kwa utulivu kwamba moshi wa kila sigara una kemikali za jamii ya amini, zikiwamo naftilamini na aminobifenili, ambazo huingia kwenye damu kupitia mapafu, hubadilishwa na ini, huchujwa na figo, kisha hukaa kwenye kibofu pamoja na mkojo, zikiugusa ukuta wake kwa saa nyingi kila siku. Nilikuwa nikiogopea mapafu, kumbe saratani ilikuwa kwenye kibofu. Uvimbe uliondolewa kwa kifaa kilichopitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha kwa wiki sita nikamiminiwa kibofuni dawa ya BCG, ileile ya chanjo ya kifua kikuu, ili kinga ya mwili iamke pale palipokuwa na seli mbaya. Baada ya hapo nilirudi kuchunguzwa kwa kamera kila miezi mitatu, na usiku wa kuamkia kila uchunguzi sikupata usingizi.

Kuhusu kemikali zenyewe, moshi wa tumbaku una zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Nyingi huzaliwa pale jani linapoungua, kama benzopairini, ambayo hujibandika kwenye vinasaba na kuiharibu hata jeni ya p53 inayozuia seli kugeuka saratani. Zipo pia benzini, fomaldehidi, aseniki na kadimi. Nitrosamini za tumbaku, ambazo nazo husababisha saratani, hutokea zaidi wakati jani linapokaushwa na kuchachuliwa, kwa hiyo ugoro unazo ingawa hauchomwi moto. Hakuna hata moja kati ya hizi inayojali pakiti imeandikwa nini.

Kwa hiyo usihame, acha. Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, na umwombe daktari plasta au bazoka ya nikotini, kwa sababu nikotini ndiyo inayokufunga, ilhali saratani inaletwa na hivyo vingine vinavyokuja pamoja na moshi. Nilitumia plasta kwa wiki kumi na mbili, baada ya kuwa nimeshapasuliwa. Ilikuwepo miaka yote tisa ile. Na ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja na bila maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo.