Rediata za baridi, maji ya moto yapo: laivu inaishia wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Nyumbani tuna boila ya gesi inayopasha tangi la maji na rediata za kupasha joto vyumba pia, kila upande una vali yake ya umeme. Wiki ya pili sasa rediata ni baridi kabisa ila maji ya bombani yanatoka moto kama kawaida. Themostati ya ukutani nimeshabadilisha nikaweka mpya, hamna kitu. Kaja fundi mmoja kaangalia dakika 5 akasema bodi ya umeme ya boila imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue kwanza, manake jibu nusu umeshaliandika mwenyewe. Kama tangi linapata moto basi boila inawaka, pampu inazunguka na fyuzi iko sawa, sasa hiyo bodi imekufaje kwa rediata halafu ikawa hai kwa maji ya kuogea? Boila kwenye mfumo kama wako haijui nani anaita, rediata au tangi, yenyewe inachojua ni kwamba laivu (umeme wa ule waya wa moto) imefika kwenye waya wake wa kuwashia, basi inawaka.

Kwahiyo hapo fuata laivu tu. Inatoka kwenye taima (ile saa ya kupanga muda wa kuwaka), inapita themostati ya ukutani, inaenda kwenye mota ya vali ya rediata, mota inajizungusha taratibu kwa sekunde kadhaa mpaka vali ifunguke, na ikifika mwisho inabonyeza kiswichi kidogo kilichomo humohumo ndani ya vali. Hicho kiswichi ndo kinachopeleka laivu kwa boila na pampu, yaani boila ni ya mwisho kabisa kupata habari. Watu wengi wanaanzia kwenye boila kwa sababu ndo kitu kikubwa kinachoonekana, halafu wanabadilisha vipuri kimoja kimoja kama wanacheza bahati nasibu (na wewe themostati umeshaipoteza hivyo, samahani kusema).

Anza bila kufungua chochote. Weka taima kwenye joto la rediata peke yake, zima upande wa tangi, pandisha themostati mpaka juu, subiri kama dakika moja hivi. Kwenye vali nyingi kuna leva ndogo pembeni, iguse. Ikiwa legelege, inacheza bila ubishi, mota imeshafungua, umeme umefika na kazi imefanyika, sasa kama boila bado kimya mtuhumiwa wako ni kile kiswichi cha ndani au kiungio cha waya wake. Ikiwa ngumu na springi inairudisha ukiiachia, mota haijasogea, na hapo kuna mawili tu, ama mota imekufa ama laivu haijafika kwake.

Kujua lipi ni lipi inabidi upime, na hapa kama hujazoea umeme mwite fundi umeme, hakuna aibu. Ukipima kati ya waya wa mota na nyutro (waya wa umeme kurudi) ukapata volti 230 au jirani yake na leva bado ngumu, mota kwisha, na vali nyingi unabadilisha kichwa au mota yenyewe bila kumwaga maji ya mfumo. Ukipata sifuri rudi nyuma hatua moja, kwenye themostati: laivu inaingia, je inatoka? Haiingii kabisa, basi rudi kwenye taima, na usisahau boksi la viungio katikati, skrubu moja iliyolegea humo imeshanikondesha mimi siku nzima. Volti hizo ni kwa nchi za 230, Marekani vidhibiti vingi vya namna hii vinatumia volti 24 kwahiyo usishtuke ukiona namba ndogo. Rangi za waya nazo usiziamini, zinategemea nchi, mtengenezaji na aliyefunga.

Halafu hii testa ya kalamu yenye kitaa ndani, iache. Waya uliokufa ukilala sambamba na waya wenye moto unaokota umeme kidogo na kitaa kinawaka, hata mita ya dijitali inaweza kukuonyesha volti 60 au 90 za kizushi hapo ukadhani laivu imefika. Tumia kipimo kinachovuta mkondo kidogo wakati wa kupima, za kizushi zinapotea zenyewe.

Na kubwa kuliko yote: kuzima taima au themostati SIO kuzima umeme. Waya mmoja wa kile kiswichi cha vali unaweza kuwa na laivu muda wote, na boila nyingi zina laivu yao ya kudumu ili pampu iendelee kuzunguka moto wa gesi ukizimika. Zima swichi kuu ya mfumo mzima, jaribu kipimo chako sehemu unayojua ina moto, pima unapotaka kugusa, kisha kirudishe tena kwenye moto uone bado kinafanya kazi. Kifuniko cha boila mwachie fundi wa gesi mwenye kibali.

SWALI: Fundi, yangu kinyume, haizimi. Nimeshusha themostati mpaka chini, taima nimezima, rediata zinachemka usiku kucha.

JIBU: Kiswichi kilekile cha hapo juu, ila yako vali ya rediata imekwama wazi ikawa inakibonyeza muda wote, au kiswichi kimeganda kikiwa kimewasha huku vali haijafunga sawasawa. Taima na themostati zote zikiwa zimezimwa ila swichi kuu inawaka, pima waya unaotoka kwenye kiswichi cha kila vali kwenda kwa boila, wenye laivu wakati hakuna aliyeita ndo wenyewe. Ila kabla ya hapo angalia kama mfumo una themostati ya kuzuia maji kuganda, ipo kwa ajili ya kuwasha boila hata ukiwa umezima kila kitu, mtu akiisogeza bila kujua ikawekwa kwenye nyuzi 20 badala ya 5 utatafuta ubovu mpaka uchoke.

SWALI: Breka inakatika kila joto likiwaka, ila si mara moja, inakaa kidogo ndo inakatika.

JIBU: Pita na tochi kwenye pampu na vali, angalia chini ya viungio vya maji. Breka za kulinda watu nyingi zinakatika umeme ukivuja kufikia miliampea 30, na tone la maji likiingia kwenye boksi la waya la pampu linatosha kabisa. Ukiona alama nyeupe ya chumvi au kutu hapo usiirudisherudishe breka, acha mfumo umezimwa, uzibe panapovuja kwanza, pakauke, ndo upime waya.