Unene si uvivu

Ndugu yangu, umesema kwamba unene wa kupindukia hutokana na uvivu wa mtu binafsi, hivyo serikali isijihusishe nao. Sikubaliani nawe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takribani asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliopita kiasi, wanawake wakiwa asilimia 38.5 na wanaume asilimia 17.5, na sidhani kwamba mama anayeamka alfajiri kuwahi matatu ni mvivu maradufu kuliko mumewe. Hapa Nairobi chipsi na soda zimejaa kila kona, na katika mitaa ya maghorofa kama Pipeline mtoto hana hata uwanja wa kukimbilia. Mexico ilianza mwaka 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya vinywaji vilivyotiwa sukari, na ununuzi wake ukapungua. Uingereza ilipoanzisha tozo yake mwaka 2018, viwanda vingi vilipunguza sukari vyenyewe. Kumdhihaki mtu mnene, jambo linaloniuma sana, humfanya aogope hata kwenda kliniki kupimwa kisukari na shinikizo la damu.